Kabla Hujasema "Ni Kweli" Mahakamani

Ndugu msomaji, kuna maneno mawili madogo ambayo husikika kila siku katika mahakama zetu. Maneno hayo ni "Ni kweli". Hakimu humsomea mtu shtaka lake. Kisha humwuliza: Je, ni kweli au si kweli? Mtu akijibu "Ni kweli", basi amekiri kosa. Kesi ambayo ingechukua miezi inaweza kwisha kabla ya saa sita mchana.

Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Mtu hulipa faini au hutumikia kifungo chake, kisha hurudi nyumbani kulima. Lakini kwa mgeni asiye raia, au kwa mtu ambaye uraia wake una mashaka, maneno hayo mawili yana mkia mrefu. Anaweza kulipa faini leo, na kesho akaondolewa nchini. Anaweza kuacha mke, watoto, shamba na ng'ombe. Tena mara nyingi hakuna mtu aliyemwambia mapema kwamba mambo yatakuwa hivyo.

Leo tutajifunza habari ya mkia huo. Hatujifunzi ili tufiche makosa. Mtu aliyekosa aseme ukweli. Lakini aseme huku akielewa anachokisema na kinachofuata.

HABARI HII INATUHUSU NINI SISI?

Pengine utasema: "Mimi ni Mmeru, nimezaliwa hapa Kikwe, na babu yangu amezikwa hapa. Habari ya wageni inanihusu nini?"

Inakuhusu, ndugu. Kutoka mjini Arusha hadi mpakani Namanga ni zaidi ya kilomita 100 kidogo. Basi likiondoka asubuhi, mchana umeshafika. Watu wetu huenda Kenya kuuza na kununua. Watu wa Kenya nao huja kwetu. Wamasai wana ndugu pande zote mbili za mpaka, kwa sababu mpaka uliwakuta wakiishi hapo. Katika mashamba yetu ya mahindi, ya mboga na ya maua, wamo vibarua waliotoka mbali. Wengine wameoa hapa na kuzaa hapa. Tunakunywa nao maji ya mfereji mmoja.

Tena vijana wetu nao husafiri. Wapo walioko Nairobi, wapo walioko Uarabuni, wapo walioko Marekani na Ulaya. Huko sisi ndio wageni. Kijana wako akipata kesi huko, naye ataulizwa kama ni kweli au si kweli.

MILANGO MIWILI

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili. Mgeni anayeshtakiwa ana milango miwili mbele yake.

Mlango wa kwanza ni mahakama. Mahakama huangalia kosa na kutoa adhabu: faini, kifungo, au onyo.

Mlango wa pili ni Idara ya Uhamiaji. Uhamiaji haiangalii kosa tu. Inaangalia kama mtu huyu ana haki ya kuendelea kukaa nchini. Inaweza kumfutia kibali cha kukaa. Inaweza kumrudisha kwao. Inaweza kumzuia asirudi tena.

Mtu akishamaliza adhabu ya mlango wa kwanza hajamalizana na mlango wa pili. Mara nyingi kile alichokisema katika mlango wa kwanza ndicho kinachosomwa katika mlango wa pili. Akisema "Ni kweli" mbele ya hakimu, Uhamiaji haina haja ya kuuliza tena kama alikosa. Imeshaandikwa.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga ili tufundishane. Tuseme kuna mtu aliyetoka nchi jirani akiwa kijana. Amekaa kijijini miaka 20. Amemwoa binti wa hapa, wana watoto wanne. Anafanya kazi kwa bidii na watu wanamheshimu.

Siku moja anagombana na mtu kilabuni, na mwenzake anaumia mkono. Polisi wanamkamata. Katika kumhoji, wanagundua pia kwamba hana kibali cha kukaa nchini. Anafikishwa mahakamani kwa mashtaka mawili: kujeruhi, na kuwapo nchini bila kibali.

Akiwa mahabusu, wenzake wanamshauri: "Kiri tu, mzee. Utapigwa faini, jioni utalala kwako. Ukikataa, utasota humu mwaka mzima."

Anakiri yote mawili. Anapigwa faini. Mke wake anauza mbuzi wawili, majirani wanachanga, faini inalipwa. Anapotoka mlangoni mwa mahakama, maofisa wa Uhamiaji wanamsubiri. Faini imelipwa, lakini kibali hana, na yeye mwenyewe amekwisha kukiri kwamba hana. Anapelekwa mpakani.

Hapo mke wake anauliza: "Si nimemwoa kisheria? Si yeye ni raia sasa?" Jibu ni hapana. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye inambidi aombe uraia kwa njia ya kawaida kama wageni wengine. Na mwombaji wa uraia huangaliwa tabia yake. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kujeruhi atasemaje kwamba ana tabia njema?

Mumeona sasa? Yule mtu alifikiri anachagua kati ya faini na mahabusu. Kumbe alikuwa anachagua kati ya kuishi na watoto wake na kutengana nao. Hakuna aliyemwonyesha mizani yenyewe.

KUKIRI KOSA KUNAFANYIKAJE?

Sheria yetu haitaki mtu akiri gizani. Mwaka 1973 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Hukumu hiyo ilieleza hatua za kufuata mtu anapokiri kosa. Mahakama za Kenya na za Tanzania zimeitumia mpaka leo. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, mshtakiwa asomewe shtaka na kuelezwa mambo yote yanayofanya kosa hilo, kwa lugha anayoielewa.

Pili, maneno anayojibu yaandikwe kama alivyoyasema mwenyewe.

Tatu, kama amekiri, mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali maelezo hayo, kuyakataa, au kuongeza lake.

Nne, kama anakataa jambo la maana, au anatoa sababu inayotia shaka kwamba alikosa, basi kukiri kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana. Kesi isikilizwe kwa mashahidi.

Tano, kama hakubadili neno, ndipo hutiwa hatiani. Kisha husikilizwa habari za adhabu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania nayo inasema shtaka lielezwe kwa mshtakiwa, na akikiri, maneno yake yaandikwe karibu iwezekanavyo na vile alivyoyatamka.

Angalieni hatua ya tatu na ya nne. Hizo ndizo ambazo watu wengi huzipita kwa kutikisa kichwa. Mtu akisema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza kunijia na panga," huyo hajakiri kosa kamili. Anasema alikuwa anajitetea. Mtu akisema, "Ni kweli sina kibali, lakini mimi nimezaliwa hapa na mama yangu ni Mtanzania," huyo naye hajakiri kosa kamili. Raia hahitaji kibali cha kukaa kwao. Maneno kama hayo lazima yasemwe kwa sauti, na hakimu ayaandike.

Lakini mwone pia jambo ambalo halimo katika hatua hizo tano. Humo hakuna mahali panaposema mgeni aelezwe habari za kuondolewa nchini. Hakimu ataeleza kosa. Mlango wa pili unaweza usitajwe kabisa. Kwa hiyo ni juu ya mshtakiwa, jamaa zake na wakili wake kuuliza.

KWA NINI WATU HUKIRI HARAKA?

Sababu ni nyingi, na si zote za upumbavu.

Wengine hukiri kwa sababu ni kweli wamekosa, na wanataka mambo yaishe. Hilo si baya. Mahakama nyingi humpunguzia adhabu mtu aliyekiri bila kusumbua. Tena tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inaruhusu mshtakiwa na mwendesha mashtaka kufanya makubaliano ya kukiri kosa. Kwa makubaliano hayo, shtaka au adhabu inaweza kupungua. Mahakama inatakiwa kuhakikisha kwamba mshtakiwa ameyaingia kwa hiari yake na anayaelewa.

Wengine hukiri kwa kuogopa mahabusu. Mgeni hupata taabu kupata dhamana, kwa sababu hana wa kumdhamini.

Wengine hukiri kwa kutoelewa lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Hilo limetusaidia sana sisi. Lakini mtu anayejua Kirundi tu, au Kiamhari tu, au bibi yetu anayejua Kimasai tu, bado yuko gizani. Kuitikia kwa kichwa si kuelewa. Mtu huyo anastahili mkalimani, naye aombe.

Wengine hukiri kwa kushauriwa na watu wasiojua: mahabusu mwenzake, dalali wa nje ya mahakama, au jamaa mwenye haraka. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

KIFUNGO KIKIISHA, SAFARI HAIJAISHA

Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wamekuwa wakipita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini kutafuta kazi. Wengi hukamatwa njiani na kufikishwa mahakamani. Kosa lao kubwa ni kuingia nchini kinyume cha sheria.

Mwezi Januari 2021, huko Chato, Rais John Magufuli alikutana na Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde. Hapo ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa Tanzania wataachiwa ili warudi kwao. Watu 1,789 ni kama kijiji kizima.

Habari hiyo inatufundisha kitu. Mtu asiye raia akimaliza kifungo hafunguliwi mlango akaenda atakako. Hukabidhiwa kwa Uhamiaji. Kumrudisha kwao kunataka nauli. Kunataka hati ya kusafiria. Kunataka nchi yake imtambue kwamba ni mtu wao. Kimoja kikikosekana, anasubiri. Kwa hiyo mtu anayehesabu, "Nitakiri, nitafungwa miezi sita, halafu basi," huenda anahesabu vibaya.

NA KAMA UNASHUKIWA SI RAIA?

Hapa ndipo penye hatari kwetu sote. Wako watu wanaoitwa wageni kumbe ni wenyeji.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa hapa Arusha. Mahakama hiyo imekwisha kuamua kesi mbili za namna hii zilizotoka Tanzania.

Ya kwanza ni ya Bwana Anudo Ochieng Anudo. Alipokuwa akishughulikia mambo ya ndoa yake huko Babati, uraia wake ulitiliwa shaka. Mwaka 2014 alipelekwa Kenya kwa nguvu. Kenya nayo ilisema si mtu wake. Akabaki akiishi mpakani, katika ardhi iliyo katikati ya nchi mbili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba haki zake zimevunjwa. Ilisema kwamba mtu akiwa na hati zinazoonyesha ni raia, serikali inayomkana ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha kwamba si raia.

Ya pili ni ya Bwana Robert John Penessis. Mwaka 2010 alikamatwa, akashtakiwa, akatiwa hatiani kwa kuingia na kuwapo nchini bila kibali. Yeye alisema ni Mtanzania. Alikaa kizuizini miaka mingi. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba haki yake ya uraia imevunjwa.

Tusidanganyane: njia hiyo ya Mahakama ya Afrika sasa ni nyembamba. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kuipeleka moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Kuanzia Novemba 2020 mtu wa kawaida hawezi kufungua kesi mpya dhidi ya Tanzania huko peke yake. Kwa hiyo haki yako uitetee mapema, hapa chini, tangu siku ya kwanza shtaka linaposomwa.

Fikiria sasa: mtu aliye raia, kwa uchovu au woga, akisema "Ni kweli" kwa shtaka la kuwapo nchini bila kibali. Amejiandika mwenyewe kuwa mgeni. Kulifuta neno hilo baadaye ni kazi kubwa kuliko kulizuia lisitoke.

WENZETU WA MAREKANI WALIAMUAJE?

Jambo hili si la kwetu tu. Marekani nao waliliona.

Bwana Jose Padilla alizaliwa Honduras. Aliishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, na alipigana vita vya Vietnam katika jeshi la Marekani. Lakini hakuwa raia. Alikuwa dereva wa lori. Alikamatwa katika jimbo la Kentucky akiwa amebeba bangi nyingi ndani ya lori lake. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi wa kuondolewa nchini, kwa kuwa amekaa huko muda mrefu. Padilla akakiri kosa. Kumbe kwa sheria ya huko, kosa hilo lilikuwa karibu lazima limwondoe nchini.

Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi yake. Majaji 7 kati ya 9 walikubaliana naye. Walisema wakili anayemtetea mgeni ana wajibu wa kumwambia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Asipomwambia, au akimwambia uongo, hajafanya kazi yake ya uwakili. Majaji walieleza kwamba kwa mgeni, kuondolewa nchini huweza kuwa sehemu kubwa ya adhabu, kuliko hata kifungo.

Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Bwana Jae Lee, aliyetoka Korea Kusini akiwa mtoto. Naye wakili wake alimhakikishia kwamba hataondolewa. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba angejua ukweli, angeamua kesi isikilizwe, hata kama nafasi ya kushinda ilikuwa ndogo. Kwa nini? Kwa sababu kwake jambo kubwa lilikuwa kubaki alipojenga maisha yake, si urefu wa kifungo.

Hukumu hizo ni sheria ya Marekani. Hazimfungi hakimu wa Tanzania. Lakini mwenye kijana wake huko ajue kwamba kijana ana haki ya kumwuliza wakili wake: "Nikikiri, nitafukuzwa?" Na wakili hana ruhusa ya kunyamaza.

Kenya nako tuangalie, maana ndiko watu wetu wengi huenda. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mtu asiye raia aliyetiwa hatiani aondolewe nchini, mara moja au akishamaliza adhabu. Kwa hiyo mfanyabiashara wetu akikiri kosa Kajiado au Nairobi, mlango wa pili unaweza kufunguliwa na hakimu huyo huyo. Ni kweli Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu Julai 2010. Lakini msidhani mpaka umefutwa. Bado msafiri anatakiwa apite kwenye kituo cha Uhamiaji na hati yake igongwe mhuri. Anayetaka kufanya kazi bado anatakiwa kuwa na kibali.

TUFANYE NINI?

Tukikamatwa, au akikamatwa ndugu, mkwe, kibarua au jirani yetu, tukumbuke haya:

1. Usikiri kwa haraka. Kama hujaelewa shtaka, sema: "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nielezwe tena." Hilo si utovu wa adabu. Ni haki.

2. Omba lugha unayoielewa. Kama Kiswahili kinakupiga chenga, omba mkalimani. Umwambie hakimu, usimwambie askari tu.

3. Omba msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Hakimu akiona haki inadai mshtakiwa apate msaada, naye hana uwezo, anaweza kuagiza asaidiwe. Wako pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha.

4. Mwulize wakili maswali mawili, si moja. La kwanza: "Nikikiri, nitapata adhabu gani?" La pili: "Nikikiri, Uhamiaji watanifanya nini?" Mwambie wakili ukweli wote kuhusu mahali ulikozaliwa, wazazi wako na hati zako. Wakili asiyejua wewe si raia hawezi kukuonya.

5. Kama wewe ni raia, sema hivyo tangu mwanzo. Jamaa walete hati: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha shule, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki. Mwenyekiti wa kitongoji na wazee waliokuona ukikua wanaweza kuwa mashahidi.

6. Kama wewe ni mgeni, unaweza kuomba ubalozi wa nchi yako uarifiwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Watu wetu walio nje nao wanaweza kuomba ubalozi wa Tanzania uarifiwe.

7. Kama mtu amekimbia vita au mateso, aseme hivyo wazi na mapema. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema mkimbizi asiadhibiwe kwa kuingia bila hati, iwapo amejitokeza mwenyewe bila kuchelewa na kueleza sababu. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kuita ubalozi wa nchi aliyoikimbia.

8. Sikiliza maelezo ya kosa yakisomwa. Hiyo ni nafasi yako ya pili. Kama kuna uongo ndani yake, sema: "Hapa si kweli." Usikubali yote kwa sababu moja lake ni kweli.

NA KAMA AMEKWISHA KUKIRI?

Mtu aliyekiri na kutiwa hatiani kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kwamba alikosa. Anaweza kupinga adhabu tu: kwamba ni kubwa mno au si halali. Hiyo ndiyo sababu tunasema neno "Ni kweli" ni zito.

Lakini mlango haujafungwa kabisa. Katika kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilieleza nafasi nne ambazo mtu aliyekiri anaweza kusikilizwa. Ya kwanza, kama kukiri kwake hakukuwa kamili, au maneno yake yalikuwa na maana mbili. Ya pili, kama alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa. Ya tatu, kama shtaka lenyewe halikuonyesha kosa lolote la kisheria. Ya nne, kama kwa maelezo yale aliyoyakubali, sheria isingeweza kumtia hatiani.

Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu asilale. Anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10. Rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa anaweza kuitoa taarifa hiyo kupitia kwa mkuu wa gereza. Jamaa wasingoje mpaka aitwe kwenye gari la kwenda mpakani.

MANENO YA KUMALIZIA

Baadhi yetu tulianza kusoma kwa kuandika majina yetu chini. Sasa tunajua kusoma hati ya wito, risiti ya faini na nakala ya hukumu. Faida ya kusoma ni hiyo: kutambua kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi, na kukielewa kilichosomwa kabla ya kukiitikia.

Kama nyumbani kwako yumo mkwe au kibarua aliyetoka nje, msaidie mapema. Mpeleke ofisi ya Uhamiaji akaulize habari za kibali kabla hajakamatwa. Na kama vyeti vya watoto wako bado viko kwa msajili, vifuate. Hati moja ndani ya sanduku leo inaweza kuokoa mtu kizimbani kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini tunasema mgeni anayeshtakiwa ana milango miwili?

2. Mtu akisema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza kunijia na panga," je, amekiri kosa? Toa sababu.

3. Je, hakimu wetu awe na wajibu wa kumwambia mgeni habari za kuondolewa nchini kabla hajakiri? Wengine wakubali, wengine wapinge.

4. Taja hati ulizonazo nyumbani zinazoonyesha wewe ni raia. Zimewekwa wapi? Nani mwingine anajua zilipo?